UZI: Kufunga kitako kipya cha mbao tabaka kwenye bunduki ya komeo (Mauser 98), na kukipaka kistahimili hewa ya bahari

#1 Mkwajuni

Assalamu alaykum mafundi. Naomba msaada wa hatua kwa hatua. Bunduki ni ya kuwindia, ya komeo, mtambo wa Mauser 98, inatumia risasi ya .30-06, na kibali kipo. Kitako cha zamani cha jozi kimepasuka shingoni, ufa unaanzia nyuma ya mkia wa risiva (chuma cha kati, ambamo komeo linatembea) na kushuka kama sentimita 6. Kipya ni cha mbao tabaka (karatasi za mbao zilizobanwa kwa gundi), kijivu na nyeusi, kimeagizwa kikiwa kimechongwa ndani kiasi cha asilimia 95. Nje ni mbao tupu, hakina mpako wowote.

Ninavyo patasi za milimita 6 na 12, tupa, misasa na kalipa. Nataka kujua nianze wapi, gundi gani ya kulazia risiva, na mpako gani utakaodumu hapa Unguja. Wapo wanaosema mbao tabaka haihitaji kupakwa ndani kwa sababu tayari ina gundi. Ni kweli?

#2 Kasiba

Wa alaykumu salam. La mwisho nalijibu kwanza: si kweli, na ndilo linaloua vitako vingi vya namna hiyo. Mafundi wa mpako watakufafanulia.

Sasa, kabla hujagusa patasi, kisome kitako cha zamani. Ufa unaoanzia nyuma ya mkia wa risiva unakwambia mkia ndio uliokuwa ukibeba teke. Kwenye Mauser 98 mbebaji wa teke ni kisigino, lile fundo la chuma chini ya risiva upande wa mbele, ambamo skrubu ya mbele inaingia. Bunduki ikilia, risiva inarudi nyuma, na uso wa nyuma wa kisigino ndio unaotakiwa kusukuma mbao. Mbao ya hapo ikibonyea, au ikinywa mafuta miaka mingi ikalainika, risiva inapata nafasi ya kutembea. Mkia unaingia shingoni kama kabari na kazi yake ni moja tu, kupasua. Toa chuma utazame pale nyuma ya kisigino. Nadhani utakuta mbao nyeusi, laini, ukucha unaingia.

Kwa hiyo kazi yote ya ndani ina lengo hili: chuma kiguse mbao pale panapotakiwa, na kwengine kote kisiguse. Panapogusa ni nyuma ya kisigino, chini ya pete ya mbele ya risiva, na chini ya mkia. Pasipogusa ni mbele ya kisigino, pembeni mwake na chini yake. Nyuma ya mkia. Pembeni mwa kifyatulio. Sanduku la magazini. Mpini wa komeo. Na kasiba yote, yaani mtutu, kuanzia inapoacha risiva.

Kuanza: toa komeo, hakikisha chumba hakina risasi, kisha litie komeo pembeni na lisirudi mpaka kazi ya mbao imekwisha. Bunduki usiiache kwa seremala usiku. Mwenye kibali awepo, au kitako pekee ndicho kiende karakana.

Unahitaji skrubu mbili za kuongozea, ndefu, zisizo na vichwa, ili risiva ishuke wima kila mara bila kuyumba. Hapa watu wengi hukosea. Mauser nyingi za asili zina skrubu za robo inchi zenye nyuzi 22 kwa inchi. Ukenda duka la vifaa utapewa M6, na itaingia mizunguko miwili ikakudanganya. M6 ina kipenyo cha milimita 6 na hatua ya uzi ya milimita 1, hii ina 6.35 na 1.15. Ukilazimisha, unaharibu uzi wa risiva, na hilo halina tiba rahisi. Pima kwanza. Kama ni nyuzi 22, mpe fundi wa mashine achonge viongozi viwili kwa chuma laini, urefu milimita 80.

Halafu masizi. Washa koroboi, pitisha chuma juu ya moshi mpaka kipate weusi mwembamba, ukishushe kitakoni, gonga taratibu kwa nyundo ya mpira, ukitoe. Palipoachwa alama nyeusi ndipo panapogusa. Kwangua hapo tu, kidogo kidogo, kwa kwaruzo au patasi kali uliyoishika kama kalamu. Rudia. Asilimia 5 iliyobaki inaweza kuchukua kushusha na kutoa mara 40, na haina njia ya mkato. Asiyependa masizi achanganye wanja na vaselini, unapakika vizuri na haukauki.

#3 Bi Seremala

Naongeza kuhusu mbao yenyewe, maana patasi inaishi tofauti ndani ya tabaka. Hizi ni karatasi za mbao za unene wa milimita 1.5 hivi, nyingi ni za mti wa birchi wa nchi za baridi, zimetiwa rangi mpaka ndani kisha zikabanwa kwa gundi ngumu. Nyuzi za karatasi karibu zote zinaelekea mbele na nyuma, ndiyo maana shingo ni imara. Gundi ni ngumu kuliko mbao, na hilo linazaa mambo matatu.

Kwanza, patasi inapoteza ukali haraka. Inoe kila baada ya dakika kumi. Patasi butu haikati tabaka, inalibandua.

Pili, msasa usiushike kwa vidole. Vidole vinazama kwenye mbao laini na kupanda kwenye mstari wa gundi, na ukishapaka mng'ao utaona mawimbi kama mchanga wa ufukweni maji yakitoka. Tumia kigogo bapa, na kwenye mizunguko tumia kipande cha soli ya ndara.

Tatu, skrubu inayoingia kwenye mbao inaweza kuachanisha tabaka. Matundu ya vishikio vya mkanda na ya mpira wa bega yatobolewe kwanza kwa keekee, upana unaolingana na kiini cha skrubu bila nyuzi zake. Kwa skrubu ya milimita 5 toboa 4 kamili, halafu zungusha skrubu ikiwa imepakwa sabuni kavu. Ukitoboa 3 kwa tamaa ya kubana, utasikia mlio, na hapo tabaka limeshafunguka.

Na jamani vaeni barakoa. Vumbi lile lina rangi na gundi ndani yake, si la msumeno wa mwembe.

#4 Chasasa

Swali la haraka toka Pemba. Kwa nini tuagize? Mabodi ya plaiwudi ya baharini yapo, nayo ni tabaka, gundi haiogopi maji. Mtu akiyaganda manne akachonga si sawa?

#5 Bi Seremala

Si sawa, kaka Chasasa. Plaiwudi hupangwa karatasi moja mbele-nyuma, ya pili kukingama, ya tatu mbele-nyuma. Hiyo ni nzuri kwa sakafu ya boti. Kwenye shingo ya bunduki ina maana nusu ya mbao imekingama, na nusu hiyo haina nguvu yoyote ya kuzuia shingo isivunjike. Ukitaka mbao ya nyumbani, tafuta mninga au mtiki uliokauka kweli, ubao mzima, nyuzi zipite shingoni bila kukatika. Hiyo ni kazi nyengine na uzi wake uwe mwengine.

#6 Kasiba

Naendelea na nguzo. Mbao, hata ya tabaka, ikibanwa na skrubu miaka mingi inabonyea, unakaza tena, inabonyea tena. Nguzo ni mirija miwili ya alumini inayozunguka skrubu kutoka chuma cha chini (kile cha magazini na kikingio cha kifyatulio) hadi risiva, ili chuma kibane chuma. Mauser ya asili inayo moja ya chuma kwenye skrubu ya nyuma, usiitupe. Ya mbele ndiyo ya kutengeneza: kipenyo cha nje milimita 12 hadi 14, tundu la ndani milimita 7. Skrubu ya 6.35 ikipita katikati haitagusa ukuta. Ikigusa, skrubu ndiyo itakayobeba teke badala ya kisigino, na siku moja utaitoa ikiwa imepinda.

Urefu wa nguzo ndio moyo wa jambo. Ukiwa mfupi, sanduku la magazini linafika kwenye risiva kabla ya nguzo, na bunduki inakuwa imekalia sanduku. Utapiga leo shabaha juu, kesho kushoto, utailaumu darubini. Ukiwa mrefu mno, chuma cha chini kinaning'inia na risasi zinapanda vibaya. Funga bila epoksi (gundi ya sehemu mbili), kaza, kisha sukuma sanduku kwa kidole: liwe na mchezo wa milimita 0.2 hadi 0.5. Karatasi ya kawaida ya A4 ni milimita 0.1, kwa hiyo karatasi mbili mpaka tano.

Nguzo iwe na michirizo nje, ipige tupa kwa kukingama, ili epoksi ishike.

#7 Mkwajuni

Shukran sana. Kuhusu epoksi: mafundi wa boti za faiba wana resini kwa madumu. Inafaa?

#8 Faiba

Hapana, na nakuomba usijaribu. Resini inayotumika kwenye boti nyingi ni poliesta, ile yenye harufu kali na kichochezi unachodondosha matone. Poliesta inapokauka husinyaa asilimia 5 hadi 8. Kwenye boti husinyaa pamoja na matandiko ya nyuzi za kioo, hakuna anayejali. Kwenye kitanda cha risiva inasinyaa na kuachana na chuma, na umbo ulilotaka kulinakili halipo tena. Pia haishiki vizuri kwenye mbao kama epoksi.

Unataka epoksi ya sehemu mbili, nzito, inayokauka polepole. Ile ya dakika 5 usiiguse, haina nguvu na haikupi muda. Kama epoksi yako ni nyepesi, inenepeshe kwa unga wa alumini au nyuzi za kioo zilizosagwa mpaka ikae kwenye kijiti bila kudondoka, kama siagi ya karanga. Kwa Mauser moja gramu 40 zinatosha na kubaki.

Fuateni kipimo cha mtengenezaji. Akisema 1 kwa 1 kwa ujazo, basi mabomba mawili ya sindano, si mizani, kwa sababu uzito wa pande mbili haulingani. Epoksi iliyokosewa kipimo haikauki hata mwezi, inabaki kama ubani uliotafunwa, na utakwangua yote uanze upya.

Joto nalo. Maandishi ya kopo yanahesabu nyuzi 20 au 25. Kila nyuzi 10 zikizidi, muda wa kufanya kazi unapungua karibu nusu. Kopo linalosema dakika 40 kwa nyuzi 22, saa nane mchana wa kaskazi kwenye banda la mabati, litakupa 20 kwa bahati. Fanya kazi baada ya sala ya alfajiri. Na ukishachanganya, mwaga kwenye sahani bapa. Epoksi iliyolundikana kwenye kikombe hujipasha yenyewe na kuganda mkononi.

#9 Kasiba

Maneno ya Faiba yashikeni. Sasa kulaza risiva, na hapa nitakwenda polepole, kwa sababu kosa la hapa linaganda.

Ndani ya kitako, panua nyuma ya kisigino na chini ya pete kwa milimita 2 ili epoksi ipate unene. Acha vipande vidogo vya mbao ya asili vya kushikilia kimo, usikwangue yote ukapoteza kipimo. Toboa vitundu vya milimita 3 ukutani, kina milimita 4, epoksi iingie na kujishika.

Kwenye chuma: tepu ya karatasi mbele ya kisigino, pembeni zake mbili, na chini yake, tabaka mbili. Uso wa nyuma wa kisigino usiweke tepu kabisa. Ukishaondoa tepu baadaye, kisigino kitakuwa na nafasi pande zote isipokuwa pale panapobeba. Weka pia tepu nyuma ya mkia. Mwisho nyuma ya mkia unataka nafasi ya milimita 0.5 hadi 1. Itaonekana kama ufa mwembamba na jicho halitaipenda, lakini ndiyo inayookoa shingo.

Kila tundu la risiva, kila mfereji, kila pembe inayorudi ndani, jaza udongo wa kuchezea wa watoto na usawazishe kwa wembe. Epoksi ikiingia kwenye tundu ikaganda, hiyo ni pini, na risiva haitoki. Kifyatulio kitolewe kabisa. Kisha nta: nta ya viatu isiyo na rangi, paka, iache dakika kumi, futa, mara tatu. Paka na skrubu za viongozi, nyuzi zake zote. Paka na kasiba sentimita 20 za mwanzo. Tazama kwa tochi. Palipokosa nta hata ukubwa wa punje ya mchele patashika.

Tia epoksi, shusha risiva kwa viongozi, anza upande wa kisigino, iache hewa itoke kuelekea nyuma. Usikaze skrubu. Ukikaza unapinda chuma, epoksi inaganda kwenye mpindo, na kila utakapofunga bunduki itakuwa na kisirani ndani yake. Funga kwa mpira wa tyubu ya baskeli uliokatwa utepe wa sentimita 2, zungusha mara nne au tano. Kasiba ikae katikati ya mfereji wake kwa tepu utakazoizungushia karibu na ncha ya mkono wa mbele (mbao iliyo chini ya kasiba). Epoksi inayotoka juu ifute kwa kitambaa chenye siki ikiwa bado laini.

Saa 24. Usichungulie kabla.

#10 Chasasa

Na ikishika?

#11 Kasiba

Usipige kwa chuma. Itie kwenye friza bunduki nzima bila komeo, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, saa nne au tano. Kwa urefu, chuma husinyaa kuliko mbao. Ukiitoa, rudisha viongozi na uvigonge nchani kwa kipande cha mti, huku na huku kwa zamu. Mara nyingi inatoka na mlio mmoja. Ikitoka, ikaushe hapo hapo na upake mafuta, kwa sababu chuma baridi kwenye hewa yetu kitalowa maji ndani ya dakika moja na kutu haingoji.

#12 Randa

Nimesoma yote, mmesema vyema, lakini fundi Kasiba, kwenye kasiba mimi natofautiana. Wengi huiachia nafasi ya karatasi moja, wakavuta noti chini ya kasiba wakaridhika. Hiyo ni nafasi ya nchi kavu. Mkono wa mbele wa tabaka unatembea kidogo kuliko wa jozi, lakini unatembea, hasa mtu akiuvuta kwa mkanda au akiuegemeza kwenye gogo. Naona milimita 1.5 pande zote, sawa na karatasi 15. Haipendezi kwa mwenye kupenda kazi ya kubana, lakini haitagusa masika wala kaskazi. Zungushia msasa namba 80 kwenye fimbo iliyo nene kuliko kasiba kwa milimita 3, sugua mfereji wote.

#13 Kasiba

Sipingi. Kwa bunduki inayokaa visiwani milimita 1.5 ni sahihi. Sentimita 3 au 4 za kwanza mbele ya risiva, pale kasiba ilipo nene, wengine huziwekea epoksi ili zisaidie kubeba uzito. Kwa kasiba nyepesi ya .30-06 haina lazima.

Jaribio la mwisho la kulala: funga skrubu zote mbili, mbele kwanza halafu nyuma, kwa nyuton-mita 4 hadi 4.5. Weka kidole kwenye ncha ya mkono wa mbele kiguse mbao na kasiba kwa pamoja. Mwengine alegeze skrubu ya mbele polepole. Ukihisi kasiba inainuka, risiva imepindishwa. Mwenye saa ya kupimia (kipimo cha mshale kinachosoma sehemu za milimita) aiweke hapo: chini ya milimita 0.05 ni kazi nzuri, ikifika 0.1 kwangua na ulaze upya.

Kisha rudisha kifyatulio na komeo, bunduki tupu. Mpini wa komeo uwe na nafasi ya milimita 1 chini na nyuma yake. Funga komeo likiwa limekokwa, gonga kitako kwa nyundo ya mpira, juu, nyuma, pembeni. Kifyatulio kisiachie. Tia usalama, vuta kifyatulio, acha, toa usalama: kisiachie. Kikiachia, mbao inagusa kifyatulio au usalama, na bunduki hiyo haitoki nje mpaka ujue wapi.

Kama kuna mwenye bunduki ya risasi kubwa ya .375 anasoma, nguzo na epoksi hazimtoshi. Ongeza boliti ya chuma ya kukingama nyuma ya kisigino, kipenyo milimita 6 hadi 8, na ya pili kati ya magazini na kifyatulio. Teke lile linapasua ukuta wa mbao.

#14 Bi Seremala

Tuingie kwenye bega, halafu mpako.

Kutoka kifyatulio hadi mwisho wa mpira wa bega, watu wazima wengi hukaa kwenye sentimita 34 hadi 35. Pima na nguo utakayovaa. Toa unene wa mpira, kwa kawaida milimita 25, ndipo ukate. Zungushia tepu, chora juu ya tepu, kata kwa msumeno wa meno madogo kutoka pande zote mbili, ili tabaka la mwisho lisinyofoke. Mpira uchongwe kwenye kigogo cha pembeni au ukiwa umefungwa kitakoni na mbao imezungushiwa tepu mbili. Tepu ya juu ikianza kuchanika, simama.

Sasa lile swali la Mkwajuni. Gundi ya tabaka iko kati ya karatasi. Karatasi yenyewe ni mbao, na mdomo wake uliokatwa unakunywa maji kama mrija. Pa kuogopwa si pale panapoonekana. Ni mdomo wa bega chini ya mpira, mfereji wa kasiba, tundu la magazini na matundu ya skrubu. Ukipaka nje mng'ao wa kioo na ndani ukaacha wazi, masika ikija maji yanaingia kwa ndani, mbao inavimba, haiwezi kupumua nje, na mpako unabanduka kwa vipande kando ya mistari ya gundi. Hapo utasikia mtu anasema vanishi mbovu.

Bega lipakwe epoksi nyepesi mara tatu, ya kwanza ikiwa imepashwa kidogo ili izame. Mfereji na tundu la magazini mara mbili. Kitanda cha risiva usikipake, kile tayari ni epoksi, na unene ukiongezeka kipimo kinaharibika.

Msasa wa nje: 120, 180, 240, 320, kila namba ifute mikwaruzo ya iliyotangulia kabla hujapanda. Baada ya 240 futa kwa kitambaa kibichi, acha ikauke, vinyweleo vitasimama, vikate kwa 320. Rangi imo mpaka ndani, kwa hiyo huwezi kuifuta kwa msasa. Unachobadilisha ni mistari: ukisugua zaidi upande mmoja wa shingo, michirizi haitalingana na mwenzake.

#15 Mkwajuni

Na mafuta? Wazee wanapaka mafuta ya nazi kwenye mipini ya mapanga na inapendeza.

#16 Randa

Mafuta ya nazi hayakauki, ami. Leo, kesho na mwakani yatabaki mafuta. Yatavuta vumbi, yatanuka, na yakishuka kwenye kitanda hata tabaka italainika. Ya simsim nayo hayakauki ya kutosha. Yanayokauka ni ya kitani, na yale mabichi huchukua wiki kwa unyevu wa huku. Yaliyochemshwa na kutiwa dawa ya kukaushia ni siku moja au mbili kila mkono wa mpako. Lakini kwenye tabaka hayazami, gundi inayazuia, yanakaa juu yakinata. Kwa jozi ni mazuri, kwa hiki ni kupoteza mafuta.

Mwenye kuyatumia kwengine: vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa pembeni. Vinajipasha moto na kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje au vizamishe kwenye ndoo ya maji.

Paka vanishi ya polyurethane ya mafuta. Mkono wa kwanza changanya 1 kwa 1 na tapentaini (si tina ya rangi za magari, itaikata), futa kwa kitambaa, usibakize matone. Saa 24. Msasa 400 kidogo tu. Halafu mikono mitatu hadi minne, sehemu 3 za vanishi kwa 1 ya tapentaini, kila mmoja mwembamba. Hutaki mng'ao? Pamba ya chuma laini kabisa na nta, baada ya wiki mbili.

#17 Faiba

Wengine wanampelekea mpiga rangi wa magari aipige klia (mpako usio na rangi) ya sehemu mbili. Inadumu kuliko vyote hivi, lakini ile dawa ya kukazia ina sumu ya mapafu. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu, aipige mwenye vifaa vyake. Na siku za unyevu mwingi inageuka nyeupe kama maziwa kwa maji yanayoganda juu yake. Masika msipige. Miezi ya kusi, Juni mpaka Septemba, kuanzia saa nne asubuhi umande ukishakauka, ndiyo saa yake. Upepo ukizidi tundika pazia la plastiki lililolowa, vumbi linashikwa huko.

#18 Chasasa

Nauliza la chuma. Huku Pemba karibu kila nyumba inaiona bahari. Sehemu za chuma zilizo chini ya mbao hatuzioni.

#19 Kasiba

Ndizo zinazooza mwanzo. Kabla ya kufunga mara ya mwisho, paka nta ya kuganda chini ya kasiba na pembeni mwa risiva, nyembamba. Grisi nzito usiweke kwenye kisigino, itazuia chuma kukaa mahali pake. Bunduki ikilowa, hasa kwa maji ya chumvi, itolewe kitakoni siku hiyo hiyo, ifutwe kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushwe, ipakwe. Ukiifungua kila mara, skrubu zirudi kwa mkazo ule ule, mbele kwanza.

Na kabatini isimamishwe mdomo chini, juu ya kitambaa. Ikisimama kawaida, mafuta ya risiva yanateremka shingoni na kwenye kitanda, na miaka kumi baadaye mwengine atafungua uzi kama huu.

#20 Mkwajuni

Nimetoa chuma kwenye kitako cha zamani kama alivyosema fundi Kasiba. Nyuma ya kisigino mbao ni nyeusi, ukucha unaingia milimita 2. Nyuma ya mkia hakuna nafasi hata ya karatasi. Nimepima skrubu, ni 6.35 nyuzi 22. Fundi wa mashine anachonga viongozi Jumamosi.

Swali moja: kitako kipya kina uzito wa gramu 260 zaidi ya cha jozi. Nichimbe ndani ya bega kupunguza?

#21 Bi Seremala

Kiache. Uzito ule unapunguza teke, na tundu ndani ya bega ni mdomo mwengine wa kuziba. Ukiona mbele ni nyepesi mno baada ya kufunga, hapo ndipo tuzungumze.

#22 Kasiba

Naunga mkono. Baada ya kulaza, ipe epoksi siku 7 kabla ya risasi ya kwanza, hata kama kucha haiingii siku ya pili. Darubini itabidi ilengwe upya, kwa sababu kasiba sasa imekaa kwengine. Risasi tatu, iache kasiba ipoe mpaka uweze kuishika, tatu nyengine, uone kundi limekaa pamoja kabla hujagusa vifundo. Baada ya 20 legeza, toa, tazama nyuma ya kisigino: epoksi iwe inang'aa uso mzima. Iking'aa pembe moja tu, piga picha uiweke hapa.

#23 Mkwajuni

Inshallah. Nitaweka ya masizi kwanza, kabla sijakwangua.